Kutoka kwenye vizibo hadi kwenye saa: mwongozo wa mechi yako ya kwanza ya chesi klabuni

Mechi yangu ya kwanza ya chesi yenye saa na fomu ya kuandikia hatua iliisha kwa hatua saba. Nilikuwa nimetoka Igoma asubuhi na mapema, nimepanda daladala mbili, nimelipa kiingilio, nimekaa kwenye kiti cha plastiki mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Jirani yangu wa meza ya pili hajamaliza hata chai yake, mimi nimeshafungwa.

Wala si kwamba sikujua michezo ya akili. Kwenye drafti nilikuwa mtu. Pale kijiweni kwetu, chini ya mwembe, vizibo vyangu vimefunika na vya mwenzangu vimefunuka, nilikuwa nawanyanyua watu kwenye benchi mmoja baada ya mwingine hadi jua linazama. Tatizo lilikuwa hapohapo. Kwenye drafti ukiona cha kula unakula, tena ni lazima ule. Chesi haikulazimishi. Mkono wangu ulishazoea kutangulia macho, na karibu mwongozo huu wote ni wa kuufunga huo mkono.

Nikuoneshe kwanza ilivyokuwa, halafu twende kwenye maandalizi.

Hatua saba zenyewe

Kama hujazoea kusoma hatua: kila mraba una jina lake. Herufi a hadi h zinatoka kushoto kwa mweupe kwenda kulia kwake, namba 1 hadi 8 zinatoka upande wa mweupe kwenda kwa mweusi. Fomu zetu huandikwa kwa herufi za Kiingereza: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, na farasi ni N kwa sababu K imeshachukuliwa na mfalme. Askari hana herufi, unaandika tu mraba anaofika. Alama ya x ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), # ni chekimeti (anashambuliwa na hana pa kuponea).

Nilikuwa na kete nyeusi:

1. e4 e5
2. Nf3 d6
3. Bc4 Bg4
4. Nc3 g6
5. Nxe5 Bxd1
6. Bxf7+ Ke7
7. Nd5#

Simama kwenye hatua ya tano. Askofu wangu alikuwa g4, amembana farasi wa f3. Farasi yule akiondoka tu, malkia wa d1 anabaki wazi. Basi akaondoka! Akaruka, akala askari wangu wa e5. Moyo ulinidunda. Nikasema kimoyomoyo, huyu mzee kasinzia. Nikamnyanyua malkia wake kwa vidole vitatu, nikamlaza pembeni ya ubao kwa mbwembwe, nikaigonga saa utadhani nakomelea msumari. Mzee hakuinua hata kichwa. Askofu wake akala f7, cheki. Mfalme wangu alibakiwa na mraba mmoja tu wa kukimbilia, e7. Farasi wake wa pili akatua d5.

Nikatafuta upenyo. Farasi wa e5 amefunga d7 na anamlinda askofu wa f7. Askofu amefunga e6 na e8. Farasi wa d5 anapiga cheki na amefunga f6. Kwingine kote wamejaa watu wangu mwenyewe, malkia wangu akiwa mmojawapo, amesimama d8 kama mgeni aliyekosea harusi.

Mtego huo unaitwa kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor pale Paris. Nilifungwa na kitu chenye zaidi ya miaka 200. Dawa yake ilikuwepo: kwenye hatua ya tano ningemla farasi kwa askari (dxe5), yeye angemla askofu wangu kwa malkia (Qxg4), nami ningekuwa nyuma askari mmoja na mechi inaendelea. Na kama hatua ya nne ningemtoa farasi kwenda c6 badala ya kusukuma g6, ujanja wote ungekufia njiani, maana farasi huyo angekula e5 na hapohapo kumlinda askofu wa g4.

Ile fomu ninayo mpaka leo. Ina mistari saba, na mwandiko wa mstari wa tano ni mkubwa kuliko mingine yote.

1. Siku ya kuamkia mechi

Usijifunze ufunguzi mpya usiku huo. Utaishia kukumbuka hatua sita za kwanza na kusahau sababu zake, na mpinzani hajaangalia video uliyoiangalia wewe. Lala.

Kwenye begi weka kalamu mbili, maji, karanga au ndizi. Kama mnachezea barazani au chini ya kivuli karibu na ziwa, weka na jiwe dogo. Sitanii. Kuanzia adhuhuri upepo wa ziwa unaanza kuvuma, na fomu ni karatasi. Nimeshamwona mtu akiikimbiza fomu yake huku saa inamlia dakika. Mwanza hatukosi mawe, ila ukisubiri upepo uanze ndipo uinuke kulitafuta, dakika zinazokwenda ni zako.

Chakula: kula asubuhi vizuri, mchana kula kidogo. Raundi ya baada ya chakula ndiyo watu wengi hugawia pointi. Ugali na sangara wa nazi una heshima yake, lakini subiri jioni.

2. Fika, salimia, kagua

Mraba wa kulia kwako, ule wa kona, uwe mweupe. Malkia mweupe akae kwenye mraba mweupe, mweusi kwenye mweusi. Utashangaa ni meza ngapi zinaanza ubao ukiwa umegeuzwa, hasa pale waandaaji wanapopanga haraka.

Kisha kagua saa. Uliza muda: dakika ngapi, na kila hatua inaongezewa sekunde ngapi. Mechi ndefu za kimataifa mara nyingi ni dakika 90 kwa kila mchezaji na sekunde 30 kila hatua, yaani mechi ya hatua 60 inaweza kufika saa nne. Sisi wa klabu ndogo mara nyingi tunacheza dakika 30 na sekunde 10, la sivyo raundi ya mwisho ingechezwa kwa tochi. Angalia kwamba saa imewekwa sawasawa pande zote mbili, na kwamba betri ina nguvu. Saa ikizimika katikati ya mechi, kila mmoja anaikumbuka dakika yake kwa upendeleo.

Simu zima. Kuiweka kimya hakutoshi, izime kabisa. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, simu ikilia mwenyewe unapoteza mechi, hata kama ni mama anauliza umekula nini. Waandaaji wakiruhusu, ikae imezimwa ndani ya begi.

Halafu salamu. Hapa kwetu kijana wa miaka 17 anaweza kupangiwa mzee wa miaka 65. Mpe shikamoo, ataitikia marahaba, mpeane mikono. Akikuanza kwa “mwangaluka” na wewe Kisukuma hukijui, itikia unavyoweza, atacheka na mambo yatakuwa mepesi. Ila salamu ikiisha imeisha. Nimewaona vijana wazuri wakiogopa kumgongea mzee saa, au mzee kagusa farasi, karudisha mkono, kagusa askofu, na kijana ananyamaza kwa adabu. Shikamoo haikufutii haki ya kumfunga.

3. Ukigusa umegusa

Hii ndiyo sheria inayowaumiza zaidi watu wa kijiweni. Ukiigusa kete yako kwa makusudi wakati wa zamu yako, lazima uisogeze kama ina pa kwenda. Ukiigusa ya mpinzani, lazima uile kama unaweza. Ukishaiachia kwenye mraba halali, imekwisha, hakuna “ngoja ngoja”.

Kama kete imekaa vibaya na unataka kuiweka katikati ya mraba wake, sema kwanza “narekebisha”, kisha uguse. Tena iwe zamu yako, siyo zamu ya mwenzako anayefikiri.

Kumficha mfalme, ile hatua ya mfalme kusogea miraba miwili na ngome kumruka: mguse mfalme kwanza, kwa mkono mmoja. Ukianza na ngome, mwamuzi ana haki ya kukuambia ngome ndiyo isogee na mfalme abaki alipo.

Askari akifika mwisho, usipindue ngome ukasema ni malkia kama tunavyobebesha vizibo viwili kwenye drafti kutengeneza kingi. Ngome iliyopinduliwa ni ngome. Malkia akikosekana mezani, simamisha saa, mwite mwamuzi akuletee.

Cheki haulazimiki kuitamka. Tena afadhali usiitamke, maana kwetu neno lenyewe linachanganya: ukisema “cheki!” meza tatu zinageuka kukuangalia.

4. Saa na fomu

Utaratibu ni huu: fikiri, sogeza, gonga saa kwa mkono uleule uliosogezea kete, andika. Kwa mpangilio huo. Kuandika hatua kabla ya kuicheza hakuruhusiwi, isipokuwa unapodai sare kwa mwamuzi.

Kwenye mechi ndefu kuandika ni lazima. Kwenye zile fupi za chini ya saa moja si lazima, lakini mimi nakwambia andika. Fomu inakupa ushahidi mkigombana kama nafasi imejirudia mara tatu, inakupa kitu cha kuchambua jioni, na kubwa zaidi inaupa mkono kazi nyingine. Ule muda wa kuandika hatua ya mpinzani ndio muda wa kujiuliza kwa nini kaicheza.

Dakika zako zigawe mapema. Dakika 30 kwa hatua 40 ni sekunde 45 kila moja, ukiacha zile za nyongeza. Hatua za mwanzo zinakwenda haraka, kwa hiyo weka akiba kwa ajili ya hatua ya 15 hadi 25, ndipo mechi nyingi za klabu zinapovunjika. Mimi huandika muda uliobaki pembeni ya fomu kila baada ya hatua tano. Nikisoma fomu zangu za zamani naona ugonjwa wangu waziwazi: dakika 12 kwenye hatua moja niliyoishia kuicheza ileile niliyoifikiria mwanzo.

Muda ukikuishia, umepoteza, hata kama una malkia wawili. Isipokuwa mpinzani hawezi kukufunga kwa namna yoyote, mfano amebakiwa na mfalme mtupu. Hapo ni sare.

5. Hatua kumi za mwanzo

Fupi tu. Shika katikati kwa askari mmoja au wawili, toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme kabla ya hatua ya kumi. Usisogeze kete moja mara tatu. Malkia asitoke mapema kuzurura kama mwali aliyekatazwa.

Kuna ufunguzi mmoja tu utakaokutana nao kila wiki kwenye ngazi yetu: 1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bc4. Ukijibu 3... Nf6, vijana wengi watarusha farasi 4. Ng5 kuivizia f7. Jibu 4... d5, naye atakula 5. exd5. Hapa mkono utawashwa kula kwa farasi wa f6. Usile. Ukila, farasi wake anaingia f7, mfalme wako anaburutwa hadi katikati ya ubao na utatetea roho yako hadi mwisho. Cheza 5... Na5, mfukuze askofu kwanza. Utakuwa nyuma askari mmoja lakini kete zako zitatoka haraka na mfalme atalala salama. Unaona? Mkono tena.

6. Swali la kila hatua

Mpinzani akishagonga saa, kabla hujaangalia unachotaka wewe, uliza: anataka nini? Kisha hesabu vitu vitatu kwa mpangilio huohuo, kwanza vyake, halafu vyako:

cheki zote zinazowezekana,
kula kote kunakowezekana,
vitisho, yaani hatua ambayo isipojibiwa inaua.

Cheki kwanza hata kama inaonekana ya kijinga. Kwenye mechi yangu ile, swali moja tu lingetosha: nikimla malkia, ana cheki gani? Ana mbili: ya b5, ninayoiziba kwa askari, na ya f7. Ningeifuata ya f7 kwa macho, ningemwona mfalme wangu anakwenda e7, ningeuliza tena, ana cheki gani sasa? Farasi d5. Sekunde 20 za kazi.

Ukishachagua hatua, usiicheze. Weka mikono chini ya mapaja, uikalie. Angalia ubao upya kama mtu aliyepita njia: je, nikicheza hivi, kuna kitu nimekiacha wazi? Ukimwona mchezaji kaganda, mikono iko chini ya mapaja na macho yanatembea, mwogope huyo kuliko anayepiga kete kwa vishindo.

Najua utaniambia hii inachosha. Inachosha kweli. Baada ya raundi tatu kichwa kinakuwa kizito kuliko cha mtu aliyeshinda akipakia dagaa mwaloni Kirumba. Lakini ngazi yetu haifungwi na mipango mirefu. Chukua fomu zako kumi za mwisho, zungushia hatua iliyokupotezea kila mechi. Nyingi zitakuwa kete iliyoachwa mdomoni mwa mpinzani, au iliyokula chambo.

7. Katikati, ukiwa hujui ufanye nini

Itafika nafasi ambayo hakuna cheki, hakuna cha kula, hakuna kitisho. Watu hapo husukuma askari wa pembeni kupoteza muda. Badala yake tafuta kete yako isiyo na kazi kuliko zote, mara nyingi ni askofu aliyezibwa na askari wake mwenyewe au ngome iliyolala kona, umtafutie ajira. Ngome inataka safu isiyo na askari. Farasi anataka mraba wa katikati ambako askari wa adui hawezi kumfukuza.

Hesabu za thamani unazijua: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Ukiwa mbele, badilishaneni kete ila usibadilishe askari ovyo. Ukiwa nyuma, fanya kinyume: weka kete nyingi ubaoni, vuruga maji. Na usikubali kushindwa mapema. Mpinzani wa ngazi yako naye ana mkono.

8. Mfalme na askari mmoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipomrudia yule mzee.

Ilikuwa miezi mingi baadaye, raundi ya mwisho, saa kumi na moja jioni. Kwenye paa la jirani alikuwa ametua korongo mmoja, yule mkubwa mwenye upara, anatuangalia kama mwamuzi aliyestaafu. Kete zote zilikuwa zimekwisha. Mzee mweupe alibaki na mfalme e5 na askari e4. Mimi nilibaki na mfalme peke yake, e7. Zamu yake. Mimi nilikuwa na dakika moja na ushee.

Jambo la kujua ni hili: wafalme wakitazamana hivyo, mraba mmoja katikati, asiye na zamu ndiye mwenye nguvu. Mwenye zamu lazima apishe. Ingekuwa zamu yangu, ningesogea kushoto au kulia, mfalme wake angeingia upande wa pili na askari angefika. Lakini zamu ilikuwa yake.

Akaenda d5. Nikaenda d7, nikamtazama tena. Akasukuma e5. Nikarudi e7. Akasukuma e6, akaegemea kiti.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ninapaswa kurudi nyuma, na nyuma kuna miraba mitatu: d8, e8, f8. Mmoja tu unaokoa. Ukienda d8 au f8, mfalme wake anakanyaga d6, unalazimika kwenda e8, anasukuma e7, unaenda f7, yeye d7, na askari anavishwa taji. Mkono wangu ulishanyanyuka kuelekea d8, kisa tu ndiko macho yalikokuwa. Nikaurudisha chini ya paja. Nikauliza lile swali. Sekunde zikawa 40.

Nikacheza e8. Nyuma moja kwa moja, mbele ya askari. Akaenda d6, nikaenda d8, tukatazamana. Akasukuma e7, cheki, nikaenda e8. Hapo amebaki na njia mbili tu: amwache askari wake nimle, au aende e6 kumlinda, na akienda e6 mfalme wangu hana cheki wala hana pa kusogea. Kwenye chesi hiyo ni sare. Akaangalia ubao muda mrefu. Akaenda e6.

Jifunze nafasi hiyo hadi uicheze usingizini, pande zote mbili. Ukiwa unashambulia, kumbuka upande wa pili wake: mfalme wako akifika mstari wa sita, mbele ya askari wake, unashinda bila kujali zamu ni ya nani, isipokuwa askari awe wa pembeni, wa a au h. Mfalme atangulie, askari afuate.

9. Mkigombana

Usibishane na mpinzani. Simamisha saa, inua mkono, sema “samahani, mwamuzi”. Hatua isiyo halali kwenye mechi ndefu inampa mpinzani dakika mbili za nyongeza kwa mara ya kwanza, na mara ya pili unapoteza mechi. Hatua 50 za kila upande bila askari kusogea wala kete kuliwa, unaweza kudai sare.

Kuomba sare kuna utaratibu wake: cheza hatua yako, sema “sare?”, halafu gonga saa. Mara moja inatosha. Kuiomba kila baada ya hatua mbili ni usumbufu, na mwamuzi anaweza kukuadhibu.

Watazamaji ni tatizo letu hasa. Kijiweni kila mtu ni kocha, “kula! kula hapo!” Kwenye chesi mtazamaji haongei, haguni, wala hatikisi kichwa. Nimewahi kupoteza mechi kwa kusoma uso wa rafiki yangu aliyesimama nyuma ya mpinzani. Alikunja uso, nikabadili hatua nzuri kwa mbaya. Baadaye nikamuuliza. Kumbe alikuwa anaumwa jino.

10. Baada ya mechi

Peaneni mikono, sainini fomu zote mbili, pelekeni matokeo. Kisha usiondoke. Mwombe mpinzani mkae pembeni mchambue, hata kama kakufunga vibaya, hasa kama kakufunga vibaya. Mwulize alikuwa anaogopa nini. Majibu yatakushangaza; mara nyingi alikuwa anaogopa hatua ambayo wewe hukuiona kabisa.

Kompyuta iwe ya mwisho. Lichess, tovuti ya chesi, ni bure, na Stockfish, programu ya kuchambua hatua, iko humohumo kwenye simu, lakini ukiifungua mara moja itakwambia jibu kabla hujauliza swali. Kwanza zungushia mwenyewe kwa kalamu hatua unayodhani ilikuharibia, andika pembeni ulichokuwa unafikiria. Ndipo uilinganishe.

Kuhusu alama za FIDE, zile za kupima uwezo wa mchezaji, usizikimbilie. Tangu Machi 2024 orodha yao inaanzia 1400. Mchezaji mpya alama zake zinapanda na kushuka kwa kasi, maana kwa mechi 30 za mwanzo kipimo chake ni 40: ukimfunga mtu mwenye alama sawa na zako unapata 20, ukifungwa zinaondoka zilezile. Taji nalo, yaani cheo cha FIDE, linawezekana. Ng'ambo ya ziwa hili, Phiona Mutesi alijifunza chesi Katwe, Kampala, akajipatia taji kwenye Olimpiadi ya chesi ya Istanbul mwaka 2012. Mzambia Amon Simutowe akawa wa kwanza kusini mwa Sahara kufikia ugrandimasta, cheo cha juu kabisa. Lakini hizo ni habari za kesho. Leo una fomu moja mkononi.

Siku ile ya sare na mzee tulikaa kwenye ngazi, ubao katikati yetu. Nilikuwa najisifia e8 yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapanga upya: mfalme mweupe e5, mfalme wangu e7. Ila askari akamweka e3, nyuma mraba mmoja.

“Nilimsukuma mapema,” akasema. “Angekuwa hapa, ningecheza nini?”

Nikaangalia. Angecheza e4. Wafalme wanaendelea kutazamana, lakini sasa zamu ni yangu, na lazima nipishe. Ile hatua moja ya askari aliyoitumia ovyo nusu saa kabla, wakati kete zimejaa ubaoni, ndiyo iliyokuwa inamfunga mtu.

Nikaiandika nyuma ya fomu. Simu niliiwasha nikiwa kwenye daladala, tumeshapita Buzuruga. Stockfish nayo ikasema hivyohivyo.